Mbalamwezi moja haitoshi: kisa cha wifi yangu aliyeongeza matiti

Wifi yangu alipanga upasuaji wake kwa kufuata mwezi. Anauza dagaa soko la Mwaloni, pale Kirumba, na kila anayekula kwa dagaa wa Ziwa Victoria anajua kwamba samaki huyo huvuliwa gizani: wavuvi wanawasha taa, dagaa wanaifuata, wavu unawakusanya. Mwezi ukikomaa, taa inakosa nguvu. Mitumbwi inavutwa nchi kavu, nyavu zinashonwa, na soko linapoa kwa siku kama kumi. Hizo siku kumi ndizo alizozitenga. "Naondoka mbalamwezi ikianza, narudi kabla ya giza," aliniambia. "Nikirudi nakuta mitumbwi ndiyo kwanza inaingia ziwani. Sipotezi hata gunia, wifi."

Mimi ni muuguzi. Nimefanya kazi wodi ya upasuaji hapa Mwanza kwa miaka 15. Nilimsikia vizuri, nikajua siku kumi hazitoshi, na nikamwambia kwa sauti ndogo mno. Ninakiandika kisa hiki kwa ruhusa yake, bila jina lake wala la hospitali yoyote iliyomhudumia, kwa sababu wanawake wananiuliza mara kwa mara kuhusu kuongeza matiti, na karibu wote wanauliza bei na ukubwa. Siku hawaziulizi.

Alichokitaka

Ana miaka 36. Amezaa watoto watatu, wote amewanyonyesha hadi karibu miaka miwili, na wa mwisho alipoacha ziwa, kifua kilibaki kama mfuko uliokung'utwa unga. Hayo ni maneno yake mwenyewe. Hakuna mwanamume aliyemsukuma. Mume wake yuko machimboni Geita na alipigiwa simu tiketi ikiwa imeshakatwa. Alitaka avae blauzi bila kujaza vitambaa kwenye sidiria, basi. Nimewahi kusikia watu wa fani yangu wakiwacheka wanawake wa namna hii, na inaniuma. Mtu aliyelea watoto watatu kwa kuuza dagaa ana haki ya kuutaka mwili wake uwe vile anavyoutaka, ilimradi aambiwe ukweli wote kabla hajapanda kitanda cha thieta.

Alikuwa ameshapita njia za mkato. Krimu ya kibandani, halafu vidonge alivyoagiza kwa simu. Alichopata ni vipele. Nashukuru hakufika kwenye sindano. Silikoni ya majimaji inayochomwa moja kwa moja kwenye titi au makalio haina kitu cha kuizuia. Hutambaa, hufanya vinundu, hukaza nyama, na ikiingia kwenye mshipa wa damu inaweza kufika kwenye mapafu na kuua. Mwanamke yeyote akiniuliza kuhusu sindano hizo namjibu hapana kabla hajamaliza swali.

Alichokichagua ni kifuko cha silikoni. Ukisema "kipandikizi" katika zahanati zetu watu wanafikiria njiti ya uzazi wa mpango, kwa hiyo nitaendelea kusema kifuko. Ni ganda la silikoni lililojazwa jeli nzito, na aina nyingine hujazwa maji ya chumvi. Si kitu cha jana: mwanamke wa kwanza aliwekewa vya jeli mwaka 1962 huko Houston, Marekani. Pia ipo njia ya kuchukua mafuta ya tumboni au mapajani na kuyahamishia kwenye titi, ila sehemu ya mafuta hayo hunyonywa na mwili baadaye, na wifi yangu ni mwembamba. Mafuta ya kuhamisha hana.

Ukubwa aliupima nyumbani kwa mchele. Njia hii naipenda kwa sababu haina gharama na haimdanganyi mtu. Unapima mchele kwa kikombe chenye alama za mililita, unaumimina kwenye soksi nyembamba, unafunga fundo, unaiweka ndani ya sidiria na kushinda nayo: ukifagia, ukiinama jikoni, ukipanda ngazi. Alianza na 400 kila upande. Siku ya pili mgongo ukakataa, akashuka hadi 300. Alipofika Dar es Salaam daktari akampima upana wa kifua, akabana ngozi ya juu ya titi kwa vidole viwili kuona unene wake, akasema 275. Kifuko kipana kuliko titi lenyewe kinasukumana na kwapa, na kwa mtu mwenye nyama kidogo kingo zake zinaonekana, hata mikunjo yake inashikika chini ya ngozi.

Daktari huyo alimwambia pia jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wameshashonwa, nami namshukuru kwa hilo: kifuko kinajaza, hakinyanyui. Chuchu ikiwa imeshuka chini ya mkunjo wa titi, ukiongeza tu unapata titi kubwa lililolala. Hapo panatakiwa upasuaji wa kunyanyua, ambao una makovu mengi zaidi. Chuchu za wifi yangu zilikuwa sawasawa na mkunjo, mpakani kabisa. Akakubali kwamba hayatasimama kama ya msichana wa sekondari.

Kabla ya safari nilimsisitizia altrasaundi ya matiti, akaifanya hapa hapa Mwanza. Mama yake mdogo alifariki kwa saratani ya titi, na sikutaka kitu chochote kiwekwe juu ya uvimbe ambao hakuna aliyeuona. Ilikuwa safi. Kovu lake la kujifungua kwa upasuaji nalo niliwahi kulikagua: jembamba, limelala. Ngozi zetu nyeusi zina tabia ya kuota keloidi, yaani kovu linalovimba na kutambaa nje ya kidonda, na kifuani ni mahali ambapo keloidi hupenda sana kuota, kwa hiyo kovu la zamani ni shahidi mzuri wa namna kovu jipya litakavyokuwa.

Pale kwenye fomu ya kliniki, mbele ya neno "Kazi", aliandika "mfanyabiashara". Nimerudi kwenye neno hilo mara nyingi.

Siku kumi na mbili

Upasuaji wenyewe hauna mengi ya kusimulia. Nusu kaputi, saa moja na nusu, mkato wa sentimita kama tano kwenye mkunjo chini ya kila titi, kifuko kikawekwa chini ya msuli wa kifua. Wengine huwekewa kupitia ukingo wa duara la chuchu au kwapani. Ule wa mkunjoni hauendi karibu na mirija ya maziwa, na kwa mwanamke ambaye huenda akanyonyesha tena hilo lina uzito. Jioni alinipigia, ulimi bado mzito. "Wifi, kifua kimenibana kama wameniwekea jiwe la kusagia."

Ndivyo kunavyokuwa. Kifuko kikiwa chini ya msuli, siku tatu za kwanza msuli unalalamika kwa kila kitu: kucheka, kupiga chafya, kujiinua kitandani. Mikono haipandi juu ya mabega. Unalala chali, mito miwili au mitatu mgongoni, na ubavu unausahau kwa wiki kadhaa. Matiti yanakuwa yamepanda juu, magumu, yanang'aa, na hayalingani. Ukijigeuza unaweza kusikia sauti kama maji yanacheza kwenye chupa. Ni hewa na majimaji yaliyobaki ndani, yatanyonywa. Chuchu inaweza kufa ganzi kabisa, au ikawa kali hata mguso wa khanga unachoma. Siku ya nne wengi hulia bila kujua wanacholilia. Wifi yangu alilia kwamba yamemkaa karibu na shingo. Nikamwambia yatashuka, yatalainika, asiyahukumu kabla ya miezi mitatu, na kwamba sura ya mwisho inaweza kuchukua hata sita. Hakuniamini, na sikumlaumu. Mtu aliyejitazama kwenye kioo cha nyumba ya wageni, peke yake, mji wa ugenini, atamwamini nani?

Daktari alimtaka abaki Dar hadi siku ya kumi. Chumba cha kulala kilikuwa kinakula pesa kila kukicha, na mwezi ulikuwa unapungua. Siku ya sita akapanda basi. Morogoro, Dodoma, Singida, Shinyanga. Amekaa wima mchana kutwa na sehemu ya usiku, mkanda wa kiti umepita juu ya sidiria ya upasuaji. Nilimwagiza ashuke na kutembea kila basi linaposimama, kwa sababu damu ya miguuni ikikaa bila kutembea baada ya upasuaji inaweza kuganda. Hilo alilifuata. Begi alibebewa na kijana wa siti ya pembeni. Nilipompokea stendi, nilimkagua nikaridhika: kidonda kikavu, matiti yote mawili sawa kwa uvimbe.

Siku ya kumi giza likaingia. Ukisimama kwenye mawe ya Kirumba usiku wa giza unaziona taa za wavuvi zimetandazwa ziwani kama mji mwingine ulioota juu ya maji. Yeye anaziona kutoka mlangoni kwake. Siku ya kumi na moja alikwenda Mwaloni "kukaa tu". Siku ya kumi na mbili mzigo ukaingia kutoka visiwani, makuli wakawa wamebanwa na mitumbwi mingine, mteja amesimama, na debe liko chini. Akaliinua hadi kwenye mizani. Moja tu, aliniapia.

Saa 2 usiku akanipigia simu. Nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, khanga imefungwa chini ya kwapa. Akaifungua bila kusema kitu. Titi la kushoto lilikuwa kama nilivyolizoea. La kulia lilikuwa limejaa, karibu nusu yake tena, gumu kama embe bichi, ngozi imevutika mpaka mwanga wa balbu unateleza juu yake. Chini, kuelekea ubavuni, palikuwa na weusi wenye zambarau ambao asubuhi haukuwapo. Nikaligusa kwa mgongo wa mkono: joto ni lile lile la mwili. Homa hana. Mapigo ya moyo 112. Nikatoa kalamu mfukoni nikachora mstari kwenye ukingo wa ule weusi, nikaangalia saa. Dakika ishirini baadaye weusi ulikuwa umeuvuka mstari kwa upana wa kidole.

Uvimbe wa upande mmoja, wa ghafla, mgumu, bila homa, unaotembea: hiyo ni damu inavuja na kuvilia ndani. Usaha hauji hivyo. Usaha huja na joto, ngozi kubadilika, homa, pengine kidonda kutoa majimaji, na huchukua siku kujitengeneza. Majimaji ya kawaida yanayojikusanya kuzunguka kifuko huja polepole, na titi linabaki laini. Damu haisubiri kuche. Ikikaa, inabana ngozi kutoka ndani na inaongeza hatari ya vijidudu na ya kovu kukaza baadaye.

Nikapiga namba iliyokuwa kwenye karatasi aliyopewa kliniki. Ilikuwa ya mapokezi, na mapokezi yalishafungwa. Nikatuma ujumbe. Jibu lilikuja saa 1 asubuhi, la upole na lenye maelekezo sahihi kabisa, wakati mgonjwa ameshatoka thieta ya Mwanza.

Daktari wa upasuaji aliyekuwa zamu usiku ule si mtu wa urembo. Kazi yake ni ajali za bodaboda, utumbo uliojisokota, henia. Hakumkaripia wifi yangu hata kwa jicho. Aliuliza maswali matatu. Ndani kuna nini? Kimewekwa juu ya msuli au chini yake? Umekunywa dawa gani?

La kwanza na la pili wifi hakuweza kuyajibu. "Silikoni, daktari. Nzuri." Nilikumbuka kwamba wagonjwa hupewa kadi. Nikachukua bodaboda hadi kwake, nikapekua, nikaikuta ndani ya boksi tupu la sidiria ya upasuaji, boksi ambalo watoto walikuwa wameshaligeuza gari. Kadi ndogo ya karatasi ngumu, imebandikwa stika mbili, kulia na kushoto: jina la kiwanda, namba ya toleo, namba ya kifuko chenyewe, 275, duara, ganda laini, jeli. Kwa mkono wa daktari wa Dar, mstari mmoja: chini ya msuli. Daktari wetu aliisoma mara mbili, akaipiga picha, akanirudishia.

Swali la tatu alilijibu akiangalia sakafu. "Diklofenaki. Mgongo ulikuwa unauma toka kwenye basi. Nilinunua pale duka la dawa, nimemeza siku tatu."

Waliingia thieta karibu saa 6 usiku. Wakafungua mshono ule ule, wakatoa mabonge ya damu, wakakuta kimshipa kimoja kidogo kinavuja kwenye msuli, wakakiziba. Kifuko kilikuwa kizima. Kikasafishwa, nafasi ikaoshwa, kikarudishwa, na safari hii ukawekwa mrija wenye kichupa cha kuvutia majimaji. Nilikuwa nakimwaga mwenyewe na kuandika: mililita 60 siku ya kwanza, 35 ya pili, 15 ya tatu. Mrija ukatoka.

Mama mkwe wangu alifika kutoka Misungwi siku ya pili. Hakuwa anajua lolote. Alisimama miguuni pa kitanda akakiangalia kile kichupa chenye damu kwa muda mrefu.

"Mwanangu, nani alikutuma?"

"Hakuna, mama. Nilijituma."

Nilijiandaa kwa maneno makali. Mama akavuta kiti, akakaa, akafunga upya kilemba chake. Kisha akanigeukia mimi. "Haya, mkamwana, nionyeshe hii chupa inamwagwaje. Usiku nitakaa mimi."

Nilivyokichambua

Nimekipitia kisa hiki nikiwa muuguzi, nimekipitia tena nikiwa ndugu, na majibu hayafanani sana.

Kiuguzi, watuhumiwa ni wawili. Diklofenaki, sawa na aspirini na aibuprofeni, hupunguza uwezo wa chembe za damu kushikana. Ndiyo maana kabla ya upasuaji na baada yake tunakataza, na tunampa mtu parasetamoli au dawa nyingine aliyoandikiwa. Wa pili ni debe. Msuli wa kifua uliochanwa siku kumi na mbili zilizopita, ukivutwa kwa nguvu juu ya kifuko, unaweza kuachia kimshipa kilichokuwa kimejifunga. Damu kuvilia ndani humpata mwanamke mmoja au wawili katika kila 100 wanaoongeza matiti, mara nyingi ndani ya siku moja au mbili za kwanza, na humpata hata aliyetii kila agizo. Kwa hiyo siwezi kuapa kwamba debe ndilo lililofanya. Naweza kusema tu kwamba kwa siku tatu alimeza dawa inayozuia damu kuganda vizuri, halafu akaivuta nyama iliyokuwa bado mbichi.

Kama ndugu, ninarudi kwenye lile neno "mfanyabiashara". Daktari wa Dar alilisoma akaona duka, kaunta, kiti. Karatasi ya maelekezo ilikuwa ya Kiingereza, ikisema aepuke mazoezi mazito kwa wiki nne hadi sita. Wifi yangu alitafsiriwa na binti wa mapokezi, akafurahi: yeye hafanyi mazoezi. Hajawahi kukanyaga ukumbi wa mazoezi maishani mwake. Hakuna aliyekaa naye akazigeuza zile wiki sita kuwa vitu vya maisha yake: debe hakuna, ndoo ya maji hakuna, mtoto mgongoni hakuna, kufua kwa mikono hakuna. Na ugali usisonge. Ugali wa kulisha watu sita unasongwa kwa msuli ule ule uliofunika kifuko. Mimi nilikuwa na nafasi ya kuyasema hayo yote, kwa lugha yake, sebuleni kwake, nikayafupisha kuwa "upumzike sana, wifi". Pumzika ni neno ambalo kwa mwanamke wa Mwaloni lina maana ya kukaa juu ya gunia badala ya kusimama.

Lile neno kwenye fomu lilipaswa kubadili hata mjadala wa mahali pa kuweka kifuko. Chini ya msuli kuna faida zake kwa mtu mwembamba: kingo zinafichika zaidi. Lakini maumivu ya mwanzo ni makali zaidi, na kila msuli unapokaza, titi linasogea. Kwa mtu anayenyanyua mzigo siku zote za kazi, huo si mjadala mdogo. Pengine angechagua hivyo hivyo. Ila angechagua akijua.

Kuhusu kadi, sasa ninaihubiri kama dini. Mwaka 2010 kiwanda cha PIP cha Ufaransa kilifungwa baada ya kugundulika kwamba kilikuwa kinajaza vifuko vyake jeli ya silikoni ya viwandani isiyoruhusiwa kwa tiba. Wanawake wapatao 300,000 katika nchi nyingi walikuwa navyo mwilini, na wako waliohangaika kujua kama wao ni miongoni mwao. Mwaka 2019 kampuni ya Allergan iliviondoa sokoni duniani kote vifuko vyake vya Biocell, vyenye ganda la kukwaruza, kwa sababu vilihusishwa na aina ya nadra ya limfoma, saratani ya chembe za kinga ya mwili, inayoota kwenye kovu linalozunguka kifuko. Nilipoyasoma maneno "ganda laini" kwenye ile kadi nikiwa nyuma ya bodaboda, chini ya taa ya barabarani, nilipumua. Bila kadi ningepumua kwa lipi?

Fedha nitaipitia haraka. Pesa ya kikoba aliyoweka kwa miaka minne iliishia kwenye upasuaji wa kwanza. Wa pili ulilipwa kwa mkopo na kwa mbuzi wa mama mkwe. Bima hailipi upasuaji wa urembo. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani imewahi kueleza kwamba hadi mwanamke mmoja kati ya watano walioongeza matiti huja kutolewa vifuko ndani ya miaka 8 hadi 10, na tangu 2021 inataka kila mgonjwa aelezwe waziwazi, kabla hajasaini, kwamba vifuko si vya kudumu maisha yote. Anayeweka akiba ya upasuaji mmoja ameweka nusu.

Alipo sasa

Imepita miezi 14. Matiti yalishuka kama nilivyomwambia, mwezi wa tatu yakawa yamekaa mahali pake, na blauzi zinamkaa. Hisia ya chuchu ya kushoto ilirudi ndani ya wiki kadhaa. Ya kulia ilichukua miezi mitano, na chini yake bado kuna sehemu, kubwa kama sarafu ya shilingi 200, isiyojua baridi wala moto. Kovu la kulia, lililofunguliwa mara mbili, ni nene kuliko mwenzake. Halijawa keloidi. Analiwekea bamba la silikoni kila usiku.

Kinachonisumbua ni ugumu. Mwili hukizungushia kovu kitu chochote kigeni, na hilo lenyewe si tatizo. Kwa baadhi ya wanawake kovu hilo hukaza na kukikamua kifuko. Madaktari wana daraja nne: la kwanza titi ni laini; la pili ugumu unashikika kwa mkono ila hauonekani; la tatu unaonekana; la nne unaonekana na unauma. Damu kuvilia huongeza uwezekano wa kukaza. Titi la kulia la wifi yangu liko la pili. Linaweza kubaki hapo miaka yote. Likipanda, dawa yake ni kisu tena, kuondoa kovu na kubadilisha kifuko, au kuvitoa vyote viwili na kubaki na ngozi iliyolegea kuliko ya mwanzo.

Nilimuuliza kama anajuta. Alifikiri kwanza. "Sijuti kuyaweka," alisema. "Najuta lile debe." Mwezi uliopita mwenzake wa kibanda cha pili alimfuata na maswali yale yale ya bei na ukubwa. Nilikuwepo. Wifi yangu alimhesabia kwa vidole: mbalamwezi, halafu giza, halafu mbalamwezi nyingine, na kuli alipwe kabla ya kuondoka.

Ameshaambiwa kwamba akifikisha umri wa mamografia, yaani eksrei ya matiti ya kutafuta saratani, amtaarifu mpiga picha kabla ya kubanwa, kwa sababu kifuko kinaficha sehemu ya titi na picha za ziada zinahitajika. Ameambiwa pia kwamba ganda la jeli linaweza kupasuka bila dalili yoyote, jeli ikabaki imefungiwa ndani ya kovu, kwa hiyo ushauri ni altrasaundi au MRI (kipimo cha picha kwa sumaku) mwaka wa tano au wa sita, kisha kila baada ya miaka miwili au mitatu. Nyuma ya kadi ameandika mwaka huo kwa kalamu ya bluu, akauzungushia duara. Kadi iko kwenye bahasha moja na kadi za kliniki za watoto, juu ya kabati. Nakala yake iko kwangu.